Niandikie ya Machoni

Kawangware,
4 Septemba 1979

Kwako Mzee Muia,

Pokea salamu zangu na za mume wangu Simeon. Barua hii atakupa mkeo. Jumamosi, alipokuja sokoni huku kununua mboga za kwenda kuuza huko kwenu Lindi, Kibera, Mumbua alipitia gereji ya Simeon, akakaa juu ya tairi kuukuu, akalia. Ndipo tukajua kwamba tangu timbo la mawe liporomoke mwezi wa Mei na kumfunika ndugu yako Kavoi, hujatamka neno hata moja. Anasema hospitali walikuangalia koo wakasema ni zima. Anasema pia wazee wenu wa Kitui wanataka kuja kukuchukua wakutafutie mganga, naye anaogopa ukienda hutarudi.

Mimi si daktari. Ni mwalimu wa ngumbaru tu, niliyekufundisha miaka miwili pale kanisani, wewe na vidole vyako vinene ukivunja penseli kila wiki. Lakini nakumbuka jioni uliyoandika jina lako bila kunakili. Ulilitazama kana kwamba limeingia mlangoni kwa miguu yake.

Basi nakupa kazi. Kila siku toka nje, utafute kitu kimoja ambacho hakikutengenezwa na mtu. Kitazame mpaka kikuchoshe, halafu ukitazame tena kidogo. Kisha kiandike, na kila Jumamosi Mumbua amwachie Simeon karatasi hiyo gerejini. Usiniandikie ya moyoni, sitakuuliza. Niandikie ya machoni.

Mwalimu wako,
Sella Nasipwondi


Lindi, Kibera,
8 Septemba 1979

Mwalimu,

Barua nimepata. Mimi niko. Mumbua yuko. Binti yetu Mbula yuko, anasoma darasa la tano.

Kazi uliyonipa ni ya watoto. Mimi nina miaka arobaini na minne. Na hapa Lindi kila kitu kimetengenezwa na mtu. Kuna mabati, kuna kuta za udongo, kuna reli. Nimekaa mlangoni siku tatu.

Leo siafu wamepita. Walikuwa wengi kama maji. Niliweka kijiti njiani mwao, wakakizunguka. Baadaye nilikitoa. Wakaendelea kuzunguka mahali ambapo kijiti hakipo. Walizunguka hivyo mpaka jioni.

Basi.

Ulipotuacha ulikuwa mzito. Mumbua anauliza kama mtoto amefika.

Muia


Kawangware,
11 Septemba 1979

Mzee Muia,

Wakaendelea kuzunguka mahali ambapo kijiti hakipo! Nimeisoma sentensi hiyo mara tisa. Nilimsomea Simeon, akaacha kula.

Umeona kitu ambacho watu wote wa Lindi wamekiruka bila kukiona. Sasa nenda mbali kidogo. Nenda bwawani, kule kwenye matete. Ukae. Uniletee kila kitu.

Usikose hata Jumamosi moja.

Mwalimu wako,
Sella


Lindi,
6 Oktoba 1979

Mwalimu Sella,

Natumai u mzima, na mtoto ni mzima. Hukujibu lakini Mumbua anasema mama wa mtoto mchanga hana mikono ya kushika kalamu. Amemfumia kofia. Imo ndani ya karatasi ya kaki pamoja na barua hii.

Nimekuwa nikienda bwawani. Upande wa ng'ambo kuna mashua za wenye pesa, zina matanga meupe. Mimi nakaa upande wa matete. Huko kuna kwera, wale ndege wa manjano. Dume mmoja nimemtazama siku nane. Anachana jani refu, analishika kwa mguu, analipitisha kwa mdomo, juu, chini, analivuta. Kiota kikiisha ananing'inia chini yake, anapiga mabawa, anamwita jike. Jike akaja. Akaingia, akatoka, akavuta unyasi mmoja, akaenda zake.

Nilidhani dume atakasirika. Alikaa kidogo tu. Kisha akakifumua kile kiota chote mwenyewe, unyasi mmoja mmoja, mpaka tete likabaki tupu. Akaanza tena. Kile cha pili jike alikikataa vilevile. Jana alimaliza cha tatu, jike akaingia na hakutoka.

Nimechonga mawe miaka ishirini. Nina nyundo, nina patasi, nina mtaimbo. Yule ndege ana mdomo. Mdomo tu, Mwalimu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyong'onyea na nimefurahi, sijui vilikaaje pamoja.

Muia


Kawangware,
9 Oktoba 1979

Mzee Muia,

Asante kwa kofia. Rangi ni nzuri. Mwambie Mumbua inamtosha.

Lakini hujaniambia: maji yalikuwa rangi gani jike alipoingia? Kulikuwa na upepo? Matete yanatoa sauti gani yakisuguana? Na harufu je? Tafadhali usiniache nje ya jambo lolote. Andika ndefu zaidi.

Sella


Lindi,
17 Novemba 1979

Mwalimu Sella,

Wiki hii mvua imefunguka. Jumatano ilipokatika nilikuwa kwenye njia ya kwenda mtaa wa Ayany, pale penye kichuguu kilichopasuka. Niliona ardhi inafuka moshi. Nikasogea. Haukuwa moshi, walikuwa kumbikumbi. Walitoka katika tundu dogo kuliko kinywa cha chupa, na hawakuisha. Jua lilikuwa limetoka nyuma ya wingu, na kila bawa lilikuwa kioo. Jirani yetu Mideva alikuja mbio na karai, watoto wakaja na vikombe, kunguru wakaja, na bado walipanda juu kana kwamba chini kuna mtu anawamwaga. Nilisahau kwamba nimesimama matopeni mpaka vifundoni.

Halafu mmoja alitua kwenye mkono wangu. Akajivua mabawa yote manne, hivi, kama mtu anavyovua koti akifika nyumbani. Akashuka, akatafuta ufa, akaingia ardhini kwa miguu. Yale mabawa yalibaki kwenye ngozi yangu. Nilipumua, yakaondoka.

Kumbe alipewa kuruka kwa muda wa kuvuka njia tu. Na kuruka huko alikutumia kote.

Sasa nina swali. Niliyakusanya makaratasi yako nikayasoma yote. Hayana mti. Hayana ndege. Hayana hata mvua, na mvua hii imenyesha huko pia. Mtoto hajalia katika barua zako hata mara moja. Jiwe likiwa na ufa ndani, jicho halioni. Unaligonga, unasikiliza. Nimekugonga, Mwalimu. Nisamehe kama nimekosa adabu.

Muia


Kawangware,
22 Januari 1980

Mzee Muia,

Umeniandikia Jumamosi tisa bila jibu. Barua zote ninazo. Ile ya ndege mdiria anayepiga samaki kwenye tawi kabla ya kummeza ninaijua kwa moyo.

Hakuna mtoto. Alizaliwa tarehe kumi na tisa Agosti alfajiri, akafa siku hiyohiyo mchana. Simeon na akina mama wa kanisa la huku ndio waliomzika. Mimi sikuweza kusimama. Waliporudi walisema, "Sahau, wewe bado ni kijana, Mungu atakupa mwingine." Tangu siku hiyo sijavuka ua wa nyumba hii. Naenda chooni, narudi. Dirisha letu linatazamana na mabati ya jirani. Nilimkataza Simeon asimwambie Mumbua, ndiyo maana ananiletea barua zenu mwenyewe na kunyamaza.

Kazi niliyokupa nilijipa mimi kwanza. Nilikaa na karatasi wiki mbili nikashindwa kuona chochote. Ndipo Simeon akaniletea habari zako, nikawaza: nitamtuma huyu akatazame badala yangu. Nilijifanya nakuponya, kumbe nakopa macho yako. Kwera nilimwona kupitia kwako. Kumbikumbi walinijia humu ndani nikiwa kitandani nimegeukia ukuta.

Nilidanganya kuhusu kofia. Iko chini ya mto ninaolalia. Mwambie Mumbua nitairudisha.

Sella


Lindi,
26 Januari 1980

Mwalimu Sella,

Usiirudishe kofia.

Sina la kusema. Hata ningekuwa na sauti, nisingekuwa nalo. Mumbua nilimpa barua asome. Alilia, halafu akakasirika kwamba umelia peke yako miezi mitano na yeye anapita hatua mia mbili kutoka mlangoni kwako kila wiki akibeba kabichi. Anasema Jumanne atakuja mpaka mlango wenyewe. Usipofungua atakaa nje na gunia lake. Namjua, atakaa.

Macho uliyokopa sikudai. Lakini yamechoka kutazama ya watu wawili. Sasa mimi nakupa kazi. Ni mti mmoja tu. Bila shaka huko kuna mti.

Muia


Kawangware,
16 Februari 1980

Mzee Muia,

Nakuandikia haraka, nisamehe mwandiko.

Unajua Mumbua alinitoa. Jumanne ya kwanza mpaka mlangoni, ya pili mpaka uani, ya tatu tukakaa chini ya mparachichi wa mwenye nyumba tukichambua sukuma. Hakunisemesha sana. Alikuwa akisema tu, "Shika hii, toa hilo la manjano."

Leo redio imesema jua litapatwa. Mwenye nyumba akafungia kuku, majirani wakaingiza watoto, Simeon akaziba dirisha kwa blanketi na kusema, "Sella, ingia." Kwa miezi mitano nilikuwa ndani bila kuambiwa. Leo nilipoambiwa, miguu ilikataa. Nilienda nikasimama chini ya mparachichi, nikainamisha kichwa nisitazame juu.

Kama saa tano na nusu mwanga ulianza kukonda. Haikuwa giza. Ilikuwa kama mchana umeugua. Nikatazama kivuli cha majani, nikashika shina. Wajua vile viduara vya mwanga vinavyopenya majani vikacheza chini? Vyote vilikuwa vimemegwa. Vilikuwa vipande vyembamba kama mwezi wa siku mbili, mamia kwa mamia, juu ya mchanga, juu ya karai, juu ya miguu yangu. Nilivua kanga nikaitandaza ikajaa miezi. Upepo ukipita, yote ilitikisika pamoja, kisha ikatulia pamoja.

Ndipo nikaelewa, nikapiga magoti. Kile ambacho kila tundu kati ya majani lilikuwa likichora ni jua lenyewe. Maana yake vile viduara vya kila siku, vile tunavyovikanyaga tukienda kuchota maji, navyo ni jua. Si mwanga wake tu. Ni sura yake, maelfu, chini ya kila mti, tangu dunia iwe dunia.

Nilimwita Simeon. Alitoka amejifunika koti kichwani. Nikanyoosha mkono, miezi ikaujaa, akaishika mmoja mmoja kwa kidole.

Kwa muda sikukumbuka kwamba nina huzuni. Kisha nikakumbuka, na ilikuwa bado ipo. Lakini ilikuwa imekaa kando yangu. Haikuwa juu yangu.

Sella


Lindi,
16 Februari 1980

Mwalimu,

Nimesema! Leo nimesema, kwa mdomo!

Ngoja niandike kwa mpango. Kila mtu Lindi alikuwa amejifungia. Mideva alikuwa kwetu na watoto wake, amewaingiza chini ya meza, anasali kwa Kilogooli. Mumbua alifunga mlango na dirisha. Ndani ikawa giza. Paa letu ni la mabati ya zamani, lina matundu ya misumari yaliyobaki. Kila siku matundu hayo yanaangusha vidoa vya mwanga sakafuni, sijawahi kuvijali. Leo nilitazama nikaona kila kidoa kina pembe mbili. Kimoja kilikuwa kwenye ukuta, kimoja kwenye shavu la Mbula. Nikaweka karatasi yako chini ya kimoja. Kilikuwa jua, Mwalimu, jua dogo kama punje ya mtama, na kitu cheusi kinalila polepole. Lilikuwa limeingia nyumbani kwangu kwa tundu la msumari.

Nilifungua mlango nikatoka. Kulikuwa na baridi. Yangeyange, wale ndege weupe, walikuwa wanarudi bwawani kwa mstari kama saa ya jioni. Vyura walianza kuimba kisha wakanyamaza. Njia yote ilikuwa tupu, nikaona watu wote wa Lindi wamejifungia ndani kwa woga, na jambo kubwa namna hii linapita nje bila shahidi. Kifua kikanijaa.

"Tokeni!"

Sauti ilikuwa mbaya, kama bawaba yenye kutu. Nyuma yangu nilisikia sufuria inaanguka. Nikarudia, "Tokeni! Tokeni nje muone!"

Mlango mmoja ukafunguka, halafu mwingine. Mzee Wabwire fundi viatu akauliza, "Ni nani huyo?" Mtu akamjibu, "Ni Muia. Ni Muia anaongea, wallahi." Nadhani walitoka kuniona mimi, si jua. Niliwaonyesha chini, "Msitazame juu, tazameni chini ya mkaratusi." Tulisimama pale, Mideva na Biblia yake, watoto, wote wameinama kama watu waliodondosha kitu, na hakuna aliyecheka.

Mbula amenishika shati tangu saa hiyo. Sasa analala bado amelishika.

Muia


Lindi,
1 Machi 1980

Mwalimu Sella,

Barua zetu zilipishana njiani. Nilisoma yako kwa sauti, Mumbua akisikiliza.

Ulisema nisikuandikie ya moyoni. Leo naomba ruhusa.

Neno lililotoka siku ile lilikuwa limekaa kooni tangu Mei. Siku moja kabla ya ajali nilisikia jiwe linalia juu yetu. Mwamba ukitaka kukatika hulia kidogo, tik, kama ukucha. Nikapiga kelele, "Tokeni!" Watu arobaini wakatupa vyombo wakakimbia. Hakuna kilichoanguka. Walinicheka mpaka jioni. Njiani Kavoi akaniambia, "Kaka, leo umenitia aibu."

Kesho yake, saa nne asubuhi, nikaisikia tena. Kavoi alikuwa chini. Nilifungua mdomo. Halafu nikangoja, Mwalimu. Si muda mrefu. Muda wa kumeza mate. Niliogopa kuchekwa.

Mama yetu kule Kitui anajua tu kwamba sikuwa karibu. Aliniuliza msibani, "Ulikuwa wapi?" Nikaonyesha mbali kwa mkono.

Sasa sauti imerudi, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba haina pa kujificha tena.

Muia


Kawangware,
4 Machi 1980

Mzee Muia,

Nimeanza barua hii mara nne. Ya kwanza ilisema huna kosa. Nikaichana, maana sikuwepo timboni, na wewe ungejua ninakubembeleza kama walivyonibembeleza mimi. Ya pili na ya tatu zilikuwa na mistari ya Biblia.

Hii ndiyo ninayoweza kuisimamia: umeniandikia mimi, nami sikumzaa Kavoi. Karatasi imekufikisha hapa. Kutoka hapa ni safari ya basi.

Sella


Lindi,
12 Aprili 1980

Mwalimu Sella,

Nilikwenda wakati wa Pasaka. Nimerudi jana.

Nilimkuta Mama ameketi mbele ya nyumba akipepeta pojo. Sikungoja chai. Nilisema yote, kelele ya kwanza, kicheko, na kule kungoja. Alisikiliza mikono ikiwa bado imeshika ungo. Nilipomaliza aliuweka chini, akachukua jembe, akaenda shambani. Siku mbili hakunisemesha. Chakula niliwekewa na mke wa Kavoi, naye hakunitazama. Nilimpalilia Mama mistari sita ya mahindi, kila mmoja upande wake. Nilisema moyoni, basi, ndivyo itakavyokuwa mpaka kufa kwetu.

Siku ya tatu asubuhi na mapema alikuja akakaa kizingitini kwangu.

"Asubuhi ile alikuwa amekula?"

"Chai na mkate, Mama."

"Alivaa nini?"

"Shati la kijani. Lile ulilompa."

"Na wakati ule, alikuwa anafanya nini?"

Nilitaka kudanganya. Nikasema, "Alikuwa ananiiga mimi. Anakimbia kwa magoti yaliyopinda kama yangu, anapiga kelele tokeni, tokeni, na watu wanacheka."

Akavuta kanga begani. Kisha akasema, "Simama. Nionyeshe."

Mwalimu, nilisimama pale uwanjani, mtu wa miaka arobaini na mitano, nikamwiga marehemu akiniiga mimi. Nilikimbia kwa magoti yaliyopinda. Nilipiga kelele. Na Mama akacheka. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani, akisema, "Ndiye! Ndiye huyo! Tangu mdogo alikuwa mshenzi hivyo." Kisha kicheko kikageuka, akanishika mguu akalia, nami nikalia. Mke wa Kavoi alitoka jikoni akasema, "Rudia."

Karibu mwaka mzima nimewanyima. Nilidhani ninaficha kosa langu tu. Kumbe ndani ya kosa hilo nilikuwa nimefungia asubuhi nzima ya mtoto wao, chai yake, shati lake, kicheko chake. Wao walikuwa na kifo chake tu.

Mama hajasema amenisamehe. Alisema nirudi wakati wa mavuno, nisije mikono mitupu, na nije na maneno.

Nikiwa kwenye basi nilikukumbuka, nikajionea aibu. Mimi na Mumbua tulikuandikia mengi, lakini hatukukuuliza aliloniuliza Mama. Mwanao aliishi kutoka alfajiri mpaka mchana. Alikuwa nani? Alifananaje?

Muia


Kawangware,
15 Aprili 1980

Mzee Muia,

Alikuwa msichana. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimelala upande mmoja kana kwamba mtu amemchana. Paji la uso lilikuwa la Simeon. Sikio la kushoto lilikuwa limekunjika nchani, nikawa nalinyoosha na linajikunja tena. Hakulia sana. Jua lilipopanda likaingia kidogo juu ya mlango, aligeuza uso kulielekea akakunja macho, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. Nilimpa kidole akakishika. Hakukiacha. Nguvu ile sikuitegemea kwa mtu mgeni.

Nilimpa jina nikiwa peke yangu naye, la mama yangu mzazi. Simeon nilimwambia leo asubuhi, kabla ya kukuandikia wewe. Alilitamka mara mbili, akaenda kazini akilitamka.

Anaitwa Nalianya.

Ni mimi,
Mama Nalianya